Rangi Zilizorudi Nyumbani

Jumamosi asubuhi Kitinda aliipangusa meza ya chakula, akaweka kompyuta yake pale ambapo mama yake alizoea kupanga vibakuli vya rangi, kisha akamwita baba yake aje auone ukurasa wa kwanza. Mzee alikuja na miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, akavuta kiti, akatazama skrini. Ukurasa ulikuwa mweupe. Juu kushoto palikuwa na neno "Michoro" na chini yake jina la mzee kwa herufi nyeusi nyembamba, na katikati mchoro mmoja tu, msichana aliyevaa koti la mvua, mkubwa, bila fremu wala kitufe cha kumhimiza mtu abonyeze hapa.

"Hapo sasa," mzee akasema. "Ila koti mbona la manjano?"

"Limekuwa la manjano tangu zamani, baba."

"Nilisema nyeusi na nyeupe."

Kweli alikuwa amesema. Majirani walimwita Mzee Kalamu, na hakuna mtoto wa mtaa ule aliyejifunza kusoma bila kukutana na mbuzi wake au basi lake katika kurasa za kitabu fulani. Sasa kampuni moja kubwa ya vitabu ilikuwa inatafuta mchoraji wa mfululizo mpya wa hadithi za watoto, na mhariri wao alikuwa amempigia simu kuuliza tovuti yake inaitwaje. Hakuwa na tovuti. Akamjibu kwamba iko jikoni inapikwa, akakata simu, akamgeukia binti yake wa mwisho, ambaye ofisini kwao kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti za maduka ya viatu na magodoro, zile zenye maandishi mekundu yanayowakawaka.

"Yangu isiwe na makelele," alimwambia. "Mtu akifungua aone mstari. Mstari na nafasi, basi."

Kitinda alifurahi, na tusimlaumu. Wateja wake wote walitaka kuongeza: ongeza nyota, ongeza picha ya mtu anacheka, fanya jina la duka liwe kubwa zaidi. Huyu alikuwa wa kwanza kutaka kupunguza. Angefurahi kabisa, roho kwatu, kama mistari ile na rangi zile zingekuwa za mtu mmoja.

Hazikuwa. Mistari ilikuwa ya baba, rangi zilikuwa za mama. Kwa miaka yote ya ndoa yao baba alichora kwa wino asubuhi, akaacha karatasi ikauke, na mama alipomaliza shughuli zake za nyumbani alikaa meza hiyohiyo akatia rangi. Kitabu cha kwanza walikuwa wachumba bado, na jalada lilikuwa na nafasi ya jina moja. Mama akacheka, akasema andika lako, langu tutaliandika kwenye kinachofuata. Kinachofuata kilipofika kilikuwa na haraka, na kilichofuata hicho kilikuwa na haraka zaidi, na nyumba ile haikuwahi kukosa kitabu kinachofuata. Mpaka leo ukifungua chochote kati ya vitabu vile utakuta neno "Michoro" na jina la Mzee Kalamu, nukta.

Mama hakuwa mnung'unikaji. Alikuwa na ubishi wake mmoja tu, nao ulihusu vivuli. Hakukubali kivuli kitiwe weusi hata siku moja. Alisema weusi ni mali ya mumewe, na kwamba kivuli ni jua lililozuiwa njiani, halijafa. Kwa hiyo alichanganya buluu yake mwenyewe, yenye zambarau kwa mbali, akaitandaza chini ya miguu ya kila mtoto na kila mbuzi. Hakuandika popote alivyoichanganya, na hakumfundisha mtu.

Alifariki mwanzo wa mvua. Siku zake za mwisho hospitalini, Kitinda akiwa anamnywesha maji kwa kijiko, alimshika binti yake mkono akamwambia, "Mwanangu, siku moja mniandike. Hata kwa herufi ndogo, mimi sina makuu." Kitinda akamwahidi. Ahadi hiyo ilikuwa imemkaa kooni tangu siku ile, hailiki wala haitemeki, na aliposikia habari za tovuti alifikiri, maskini, kwamba sasa atapumua.

Kwa hiyo asubuhi ile alijaribu njia ya upole. "Baba, nina wazo. Tuache ukurasa uwe mweusi na mweupe kama unavyotaka. Lakini mtu akipitisha kipanya juu ya mchoro, rangi zake zijitokeze."

"Na akiondoa kipanya?"

"Zinaondoka tena."

"Sasa za nini?" mzee akauliza. "Kumshtua mtu? Zitoe. Na usizifunike tu, nasikia mtu anayejua mambo yenu anaweza kufunua akakuta kila kitu kiko chini. Zitoe kwenye picha zenyewe, ziishe."

Mtengeneza tovuti mwenye akili hafanyi hivyo. Huacha picha ilivyo, akauambia ukurasa uionyeshe bila rangi, na siku mteja akibadili mawazo, na wateja hubadili, kazi ni ya dakika moja. Lakini Kitinda alikuwa kitinda mimba, na vitinda mimba hufanya wanavyoambiwa na baba zao huku wamenuna. Akaifungua picha ya msichana, akaitoa manjano yote, akaihifadhi juu ya ile ya zamani bila kubakiza nakala.

Muda si muda sauti ikatoka jikoni. Ilikuwa ya Mama Mkubwa, dada yake marehemu, aliyekuja msibani na begi moja na hakuondoka tena, kwa maelezo kwamba mwanamume akiachwa peke yake hula mkate mkavu mpaka afe.

"Kitinda! Umefanya nini huko? Manjano ya lile koti iko ukutani huku."

"Nimeitoa, Mama Mkubwa."

"Sasa si ungeniambia niondoe vyombo kwanza?"

Kitinda alikwenda kuangalia. Ukuta wote wa juu ya jiko ulikuwa wa manjano, manjano ileile ya koti, iliyokolea kwenye pembe na kufifia karibu na dirisha, mahali ambapo begani pa msichana palikuwa na mwanga. Alirudi chumbani akavuta droo ya michoro halisi. Kwenye karatasi koti lilikuwa jeupe, bila hata doa, na msichana ndani yake alikuwa anatabasamu vilevile. Akairudisha droo. Mama Mkubwa akasogeza sufuria, akaendelea na mapishi.

Wiki hiyo kazi ilikwenda vizuri. Kitinda alipotoa nyekundu ya basi, bomba la bafuni lilitoa maji mekundu, na mzee akatoka kuoga na taulo lililogeuka waridi.

"Ni salama haya?" akauliza.

"Rangi ya maji tu, baba. Mama alikuwa analamba ncha ya brashi miaka yote."

Mzee alilitazama taulo muda mrefu kidogo, akaenda kulianika. Kijani ya mashamba iliingia kwenye mashuka yaliyokuwa kwenye kamba, na mwanamke mmoja mpita njia akasimama kuuliza yanauzwa duka gani. Kahawia ya mbuzi ilimpata paka wa jirani, aliyekuwa mweupe pe. Jirani alimleta amembeba kwapani, akauliza kama itatoka kwa sabuni. Mama Mkubwa akamjibu kwamba mdogo wake hakuwa mtu wa rangi za kutoka kwa sabuni. Jirani akasema pole, akaondoka na paka wake.

Mzee Kalamu naye alihamisha kiti chake cha kulia chakula, akawa anaupa ukuta wa manjano mgongo. Alimpenda mkewe sana. Mpaka siku ile alikuwa bado analala upande wake mmoja wa kitanda, ukutani, kama mtu anayempisha mwenzake anayechelewa kuja.

Na tovuti ilizidi kupendeza, hilo lazima lisemwe. Kila rangi ilipotoka, mistari ilisimama peke yake ikiwa na nguvu ambayo watu hawakuwahi kuiona, kwa sababu macho yalikuwa yanakimbilia basi jekundu. Kitinda alipanga michoro mmoja mmoja, kila mmoja na uwanja wake mpana mweupe, akachagua aina moja ya herufi kwa ukurasa mzima, akaondoa hata mishale ya kwenda mbele na nyuma. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Alijua hivyo, akaona fahari, na fahari hiyo ilimuuma kama anamla mama yake nyama.

Mwisho ukabaki mchoro mmoja. Ulikuwa wa watoto wanaovuka uwanja wa mpira jioni, jua liko nyuma yao, na vivuli vyao virefu vimelala mbele mpaka ukingo wa karatasi. Ulikuwa nusu mstari, nusu buluu. Kitinda aliufungua mara kadhaa, akaufunga. Kisha akamfuata baba yake sebuleni, ambako Mama Mkubwa alikuwa anakunja nguo.

"Baba, naomba tuliandike jina la mama. Mstari mmoja tu. Rangi, halafu jina lake."

"Rangi zipi?" mzee akauliza. "Ukurasa hauna rangi. Mtu asome 'rangi', aangalie, asizione? Si atatuona wehu?"

"Ndiyo maana ulitaka nyeusi na nyeupe?"

Mzee alivua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani, kisha akabadilisha tena. "Siwezi kuziangalia zile rangi, mwanangu," akasema. "Nikifungua kitabu ni kama naye kaketi hapo. Hilo moja. La pili, nikiliandika jina lake leo wataniuliza vitabu vyote vya nyuma. Watasema nilikuwa mwizi."

"Kwani ulikuwa nani, shemeji?" Mama Mkubwa akauliza. Hakupandisha sauti. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, na mikono yake iliendelea kukunja.

"Nilikuwa nasema kitabu kinachofuata." Macho ya mzee yalijaa machozi. "Kila mara nilikuwa nasema kweli. Na kazi hii nikiikosa, dada, sipati nyingine. Macho yanakwisha haya. Nitamwandika kwenye huo mfululizo wao. Nikishaingia."

Mama Mkubwa aliweka shati juu ya shati. "Kinachofuata," akasema.

Kitinda alirudi mezani akiwa na hasira na huruma kwa pamoja, na mtu akiwa hivyo hafanyi jambo zima. Alifanya nusu. Chini kabisa ya ukurasa, baada ya mchoro wa mwisho, aliandika neno "Rangi" na jina la mama yake, majina yake yote matatu, kwa herufi nyeupe juu ya ukurasa mweupe. Hakuna ambaye angeyaona, isipokuwa mtu aburute kipanya pale kama anayetaka kunakili. Hapo jina lingejitokeza. Haikuwa ile ahadi aliyoitoa hospitalini. Lakini lilikuwa jina, limeandikwa, liko mahali pake, na alipomaliza alijisikia amepumua kidogo.

Baba yake alikuja kuukagua ukurasa mara ya mwisho. Alipitisha macho juu mpaka chini, akarudi juu, akashuka tena.

"Hapa chini pamezidi."

"Pamezidi nini, baba?"

"Nafasi. Juu umeacha hivi," akapima skrini kwa vidole viwili, "na chini umeacha karibu mara mbili. Kuna kitu kinasukuma."

"Hakuna kitu. Ni weupe tu."

"Basi upunguze."

Miaka yote aliyokaa akiangalia karatasi ilikuwa imempa jicho lile. Hakuhitaji kuziona herufi ili ajue kwamba zimekaa. Mkono wa Kitinda ulikuwa juu ya kipanya. Angeuburuta kidogo tu, jina la mama lingewaka mbele ya macho yao wawili, na hapo baba angelazimika kusema neno moja au jingine. Alimtazama mzee wa watu, shingo imekuwa nyembamba tangu msiba, miwani mbili usoni na kichwani, na akakosa moyo. Akalifuta jina. Hakuna kilichobadilika isipokuwa kimo cha ukurasa.

"Hapo sasa," baba yake akasema.

Halafu, bila kuambiwa, Kitinda aliufungua ule mchoro wa uwanja wa mpira akaitoa buluu yote. Alikuwa analia, na alihifadhi akiwa analia.

Buluu haikwenda ukutani wala bombani. Kivuli cha meza pale sakafuni ndicho kilichogeuka kwanza, kikawa buluu yenye zambarau kwa mbali, kisha cha kiti, cha kikombe, na cha baba mwenyewe kilichokuwa kimejikunja mguuni pake. Mama Mkubwa alikuwa anaingia kutoka nje na beseni. Alisimama mlangoni, akaona kivuli chake kimetangulia mbele yake kikiwa buluu, akaliweka beseni chini taratibu.

"Mdogo wangu," akasema, akajifuta uso kwa ukingo wa gauni. "Mdogo wangu mimi."

Mzee Kalamu aliinua mkono, akautazama mkono mwingine uliokuwa chini yake ukipitiwa na ile rangi. Alikaa hivyo bila kutikisika mpaka jua likazama na vivuli vyote vikakosa pa kukaa. Tangu siku hiyo kila aliyeingia nyumba ile alikuwa na kivuli cha buluu kuanzia getini. Akitoka, alipata cha kawaida barabarani. Mleta gesi aliwahi kusema kwamba kinapumzisha macho.

Tovuti ikafunguliwa. Mhariri aliitazama siku hiyohiyo, akapiga simu akisema hajawahi kuona kazi safi namna ile, hakuna kilichozidi hata chembe, na kwamba anakuja mwenyewe. Alikuja siku mbili baadaye, mama mmoja mwenye sauti ya upole na viatu vya kutembelea sana. Aliketi sebuleni, akaweka mkoba wake sakafuni karibu na dirisha, akaanza kueleza habari za mfululizo. Katikati ya maneno akanyamaza. Alikuwa ameinama kukiangalia kivuli cha mkoba.

"Buluu hii," akasema. Akaugeuza mkoba, kivuli kikageuka nao. "Hii naijua. Ni ya vile vitabu nilivyosomea mimi. Kwenye tovuti yako sikuiona."

"Kwenye tovuti tumeacha mistari tu," mzee akasema.

"Nimewahi kuwapa wachoraji wangu wote kazi ya kuitafuta, wakashindwa. Aliyeichanganya ni nani?"

Kitinda alikuwa amesimama na sinia la chai. Mama Mkubwa alikuwa kwenye mlango wa jikoni, nyuma yake ukuta wa manjano. Wote wawili walimtazama Mzee Kalamu, na mzee alikitazama kivuli cha kikombe chake. Hakuna aliyemkimbiza. Mhariri alikuwa anasubiri kwa adabu, amekunja mikono mapajani, na jibu lolote lingempendeza. Kitinda aliuona mdomo wa baba yake ukifunguka, akaona midomo ikikutana kwa ile herufi ambayo jina la mama yake lilianza nayo.

"Mimi," mzee akasema.

"Nilijua!" Mhariri akapiga makofi mara moja, kwa furaha ya kweli. "Basi mfululizo wetu utakuwa wa rangi. Tafadhali liweke hilo kwenye tovuti, watu walijue."

Mama Mkubwa aligeuka akaingia jikoni, na kivuli chake kikamfuata. Bomba likasikika likifunguliwa, na likaachwa wazi.

"Kitinda," baba yake akaita, kwa ile sauti ndogo anayoitumia akiomba maji ya kunywa. Hakumtazama. "Ongeza, mwanangu."

Kitinda aliweka sinia mezani, akammiminia mgeni chai, akammiminia baba yake. Kisha akavuta kompyuta, akafungua ukurasa, na pale palipoandikwa "Michoro" juu ya jina la Mzee Kalamu akaongeza maneno mawili, "na rangi", kwa herufi nyeusi nyembamba kama zile nyingine. Kivuli cha vidole vyake kilipita juu ya vitufe, buluu, kikarudi. Akahifadhi. Mhariri alifungua simu yake palepale, akatazama, akasema naam, imeshatokea, na imekaa vizuri.